Sarufi ya Faraja: Zaburi ya 23 kwa Kiswahili, Ikipimwa na Mwabungo

Utangulizi

Zaburi ya 23 ni miongoni mwa matini zinazosomwa sana katika Kiswahili, lakini wahakiki wameishughulikia kwa nadra. Mstari wake wa kwanza umeandikwa kwenye vioo vya matatu, katika kalenda za makanisa na juu ya milango ya vibanda. Zaburi yenyewe husomwa kando ya vitanda vya wagonjwa na kwenye makaburi. Wako wanaoifungua kila alfajiri kabla ya kushika njia ya kazini, kama vile Mwislamu anavyoleta uradi wake baada ya sala. Uhakiki umeipita kwa sababu mbili. Kwanza, mjadala juu ya Uislamu wa fasihi ya Kiswahili, uliochochewa na maandishi ya Jan Knappert na kujibiwa na Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff mwaka 1994, uliiacha Biblia pembeni, kana kwamba ni kitabu cha kigeni kilichovishwa kanzu ya Kiswahili. Pili, wahakiki waliolelewa katika nadharia za Kimarx walizoea kuiona dini kuwa kasumba, na mtu anayejitia moyo kwa zaburi kila asubuhi kuwa mfano dhahiri wa mlevi wa kasumba hiyo.

Makala haya hayakusudii kuitetea dini wala kuipinga. Yanashika hoja moja: kwamba faraja ambayo wasomaji husema wanaipata katika zaburi hii imejengwa ndani ya sarufi ya tafsiri yake ya Kiswahili, na kwa hiyo inaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki jambo lolote la kifani. Zaidi ya hayo, faraja hiyo haipatikani katika vipande vinavyopendwa. Inapatikana kwa anayeipita zaburi yote, pamoja na bonde lake na watesi wake. Matini inayotumiwa ni Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Pale inapobidi italinganishwa na Biblia Habari Njema iliyotoka katika miaka ya 1990.

Mahali palipochaguliwa pa kuzipimia taswira za zaburi ni Mwabungo, kijiji cha Wadigo katika pwani ya kusini ya Kenya, kusini ya Diani na jirani na Kinondo. Uteuzi huu una sababu. Wengi wa wenyeji wa huko ni Waislamu, na Wakristo walio wengi katika ukanda huo ni watu waliotoka bara kufuata kazi za hoteli, za shule na za serikali. Matini ya mchungaji wa Kiyahudi inapofika mahali pa minazi na mitumbwi, penye wasomaji wa dini mbili wanaotumia lugha moja, kila neno lake hulazimika kueleza lilikotoka.

Neno lililotangulia kitabu

Neno lenyewe la kwanza, Zaburi, halikuletwa pwani na wamisionari. Lilikuwapo. Mswahili Mwislamu hujifunza tangu chuoni kwamba vitabu vilivyoteremshwa ni Taurati, Zaburi, Injili na Kurani, na kwamba Zaburi alipewa Nabii Daudi. Kurani yataja jambo hilo katika Suratun-Nisaa na tena katika Suratul-Israa. Katika Suratul-Anbiyaa kuna jambo la kumvutia zaidi mhakiki: Zaburi inatajwa kuwa imeandikwa ndani yake habari ya urithi wa ardhi kwa waja walio wema, maudhui ambayo msomaji wa Biblia atayakuta katika Zaburi ya 37. Suala la nani atakayeirithi ardhi si la kinadharia huko Kwale, na tutalirudia.

Wafasiri wa Biblia waliingia, basi, katika nyumba yenye fanicha. Krapf alianza kufasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule aliozika mkewe na mtoto wao mchanga. Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alifasiri akiwa na wasikilizaji ambao wengi wao walikuwa watumwa waliookolewa majahazini. Biblia ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Mwaka 1937 ikatoka tafsiri ya Mjerumani Karl Roehl, ambaye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu akiamini kwamba Mwafrika wa bara angeelewa zaidi ya Kibantu. Waliotayarisha Biblia ya Muungano hawakumfuata katika hilo. Uamuzi wao ulikuwa na matokeo makubwa kwa zaburi hii, kwa kuwa maneno yake mazito, kama fadhili, mauti, faraja na haki, ni maneno ambayo Mwislamu wa Mwabungo anayajua tangu nyumbani kwao. Mkristo wa bara, kinyume chake, mara nyingi ameyajua kwanza kanisani.

Lipo pia neno Bwana. Katika Biblia ya Muungano ndilo linalosimama mahali pa jina la Mungu la Kiebrania, nalo lina historia yake katika pwani hii. Gazi, mwendo mfupi kusini ya Kinondo, ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa wasikilizaji wa kwanza wa Steere, bwana alikuwa mtu aliyewamiliki. Kumwita Mungu kwa neno hilo, kisha kusema kwamba bwana huyu anachunga badala ya kuchungiwa, ilikuwa kuupindua utaratibu wa dunia waliyoijua. Habari Njema imeweka Mwenyezi-Mungu mahali pa Bwana. Imekaribia zaidi matumizi ya Waislamu, lakini mapinduzi hayo madogo yamepotea.

Hu-, au wema usio na mtenda

Sasa tuingie katika vitenzi. Nafsineni anafungua kwa ndiye, kibainishi kinachomtenga mmoja na wengine wote, ambacho hakina kilingani katika Kiebrania kwani huko majina mawili yamewekwa tu bega kwa bega. Kisha anakanusha kwa wakati ujao: hatapungukiwa. Kuanzia hapo vinakuja vitenzi vitatu vilivyofungwa kwa kiambishi hu-, vya kulazwa, kuongozwa na kuhuishwa, na cha nne kinafuata kwa ku- kikiuendeleza mwendo huo huo.

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba hu- huonyesha mazoea. Ndiyo sababu methali zinaipenda: haba na haba hujaza kibaba. Lakini hu- ina tabia mbili zaidi ambazo zaburi hii inazitumia mpaka tone la mwisho, hata kama wafasiri hawakukusudia. Ya kwanza ni kwamba hu- haidai kuwa jambo linatendeka sasa. Mvuvi anayesema kwamba kusi huleta mawimbi makubwa anaweza kuyasema hayo wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari mbele yake. Anasema desturi ya bahari, hasemi hali ya leo. Msomaji anayeamka asubuhi bila kazi, au na mgonjwa ndani, hasemi uongo anapotamka vitenzi hivi. Hatakiwi kudai kwamba leo amelazwa penye majani mabichi. Anachotakiwa kukiri ni kwamba Mungu ana desturi hiyo. Lawama ya kasumba inashindwa hapa, kwa sababu kasumba humwambia mtu kwamba haumwi, na hu- haisemi lolote juu ya maumivu ya leo.

Tabia ya pili ni ya kimuundo. Hu- haichukui kiambishi cha nafsi ya mtenda. Katika umbo kama hunilaza, mtenda hayumo ndani ya kitenzi, na nafsi pekee inayoonekana ni ni-, yaani yule anayelazwa. Kwa muda wa mistari mitatu nafsineni anauhisi wema bila kumwona mwenye wema ndani ya kitendo chenyewe. Anajulikana kwa jina lililotajwa mwanzo, kisha anajificha nyuma ya kazi yake. Hivyo ndivyo wema wa kila siku unavyopokewa aghalabu: chakula kipo, njia imeonekana, nafsi imerudi, na anayepokea hajiulizi kila mara ni nani aliyefanya.

(Msikilizaji wa Kidigo anaweza kutabasamu hapa. Katika lugha yake hu- ni kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, yaani sisi. Anajua Kiswahili vyema na hatadanganyika, lakini si vibaya kukumbuka kwamba sikio la pwani lina zaidi ya sarufi moja.)

Kisha zaburi inafika bondeni, na hu- inakoma ghafla. Inaingia -japo-, kiambishi cha kukubali shari kabla haijafika, na baada yake kiwakilishi kamili, Wewe, kikiwa na herufi kubwa. Mungu aliyekuwa akisemwa sasa anasemeshwa. Wahakiki wa Biblia wameshaonyesha badiliko hili la nafsi katika Kiebrania, na halihitaji kurudiwa kwa urefu. Kinachofaa kuongezwa ni kile ambacho Kiswahili peke yake kinakifanya. Kiebrania hakina kitenzi mahali hapo. Kiswahili kinadai kielezi cha mahali, na kina vitatu vya kuchagua: po, ko na mo. Wafasiri wamechagua upo. Hawakuandika uko, ambayo ingemweka Mungu mahali fulani kwa jumla. Po ni ya mahali dhahiri, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Baada ya kielezi hicho mtenda anaingia ndani ya kila kitenzi anachokitenda: anaandaa kwa -a- ya sasa isiyo na mpaka, na amekwisha kupaka mafuta kwa -me-. Aliyekuwa hayumo ndani ya hu- sasa yumo ndani ya u-.

Hii ndiyo fani ya zaburi kwa Kiswahili. Katika raha Mungu ni desturi, na katika hofu ni nafsi ya pili. Anayekata mstari wa kwanza na kuubandika kwenye kioo cha gari amechukua desturi akaiacha nafsi. Wala mfano wa kikombe na chai, uliotumika kwa miaka katika madarasa ya Kiswahili kueleza fani na maudhui, hautufai hapa, ijapokuwa kikombe kimo katika zaburi yenyewe. Kikombe hicho kinafurika, na kinachofurika hakiwezi kutenganishwa na mdomo wa chombo.

Lugha yenyewe inakubaliana na hili katika neno inalolitumia kwa kazi ya fimbo na gongo. Kufariji kunatokana na faraji, ambalo katika Kiarabu ni kufunguka kwa jambo lililobana. Waswahili wamelihifadhi katika kauli yao ya kila siku kwamba baada ya dhiki faraja. Faraja isiyotanguliwa na dhiki si faraja. Ni starehe. Na kwamba kinachofariji ni fimbo, ambayo kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni chombo cha mwalimu mkali na cha askari wa mkoloni, ni kinaya ambacho mahubiri hukipita haraka mno.

Taswira zinapofika pwani

Mhakiki anayezileta taswira hizi Mwabungo atakuta kwamba baadhi zinakaa bila taabu na nyingine zinageuka mkononi. Mchungaji ana matatizo yake: kanisani neno hili limekuwa cheo, na wako wanaosoma mstari wa kwanza wakimwona mtu mwenye kola nyeupe. Msikilizaji Mwislamu huenda akawa karibu zaidi na taswira ya asili, kwa kuwa anaijua hadithi mashuhuri ya Mtume inayomfanya kila mtu kuwa mchunga wa walio chini yake na kuulizwa juu yao. Maji matulivu nayo si lazima yawe jambo jema. Ndani ya mwamba wa matumbawe unaoikinga pwani hii maji hutulia kweli, na akina mama na watoto huyapita kwa miguu maji yakitoka. Lakini kwa mwenye ngalawa ya tanga, shwari kamili ni siku isiyo na mwendo.

Taswira inayostahili kukaliwa ni uvuli. Wafasiri wa Muungano waliuunganisha uvuli na mauti ili kulifasiri neno la Kiebrania salmaweti, ambalo kwa mapokeo ya zamani lilisomwa kuwa ni maneno mawili, kivuli na mauti, na ambalo wanaisimu wengi sasa wanaliona kuwa neno moja lenye maana ya giza nene. Habari Njema imefuata rai hii ya pili ikaweka giza. Kwa usahihi wa kiisimu huenda Habari Njema ina haki. Kwa ushairi imepoteza kitu kikubwa, na hasara hiyo yaonekana zaidi pwani kuliko mahali pengine.

Katika nchi ya jua kali uvuli ni neema. Mkutano hufanywa chini ya mwembe, mgeni hukaribishwa kivulini kabla hajaulizwa lililomleta, na hata mwavuli umepata jina lake kutokana na shina hilo hilo. Biblia ya Muungano yenyewe inatumia neno uvuli kwa maana ya hifadhi ya Mungu katika Zaburi ya 91 na katika Zaburi ya 121. Msomaji wa kila siku, anayezipitia zaburi moja baada ya nyingine, anafika penye mauti akiwa amezoea kwamba uvuli ni mahali pa kupumzikia. Katika bonde hili mauti yamevaa nguo ya hifadhi. Na neno bonde linazidisha utata, kwa sababu bonde la pwani si genge lenye kuta kama lile la Uyahudi. Ni ardhi ya chini yenye maji, ambako mpunga hupandwa. Nafsineni wa Kiswahili anapita, basi, mahali penye rutuba na kivuli, na mahali hapo ndipo mauti yalipo.

Jirani na Mwabungo ipo Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni huingia huko akiwa amejifunga kaniki, na hazungumzi ovyo. Kaya zilikuwa ngome, mahali pa kuwakimbilia maadui wasipaone, na pia mahali pa makaburi ya wazee na pa makatazo. Uvuli wa kaya huhifadhi na hutisha kwa wakati mmoja, na anayeujua hahitaji kufafanuliwa kwamba kimbilio na mauti vinaweza kukaa chini ya mti mmoja. Giza la Habari Njema haliwezi kusema hayo. Giza linatisha tu.

Meza machoni pa watesi

Sehemu ya zaburi ambayo wasomaji wa kutiana moyo huipita kwa haraka zaidi ni ile ya meza inayoandaliwa huku watesi wakitazama. Neno meza ni la Kireno, kumbukumbu ndogo ya watawala wengine wa pwani. Karamu ya Habari Njema inakubalika zaidi mahali ambapo watu hula mkekani, kwenye sinia moja. Msomaji Mwislamu naye ana Suratul-Maida, sura iliyopata jina lake kutokana na meza iliyoombwa iteremke kutoka mbinguni. Lakini tatizo la mstari huu si samani. Tatizo ni nani anayetazama.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni na eneo la feri vilishambuliwa, na machafuko yakaenea upande wa Kwale hadi Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu wakahama. Waliolengwa walikuwa hasa watu wa bara, na maelfu yao walikimbilia katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Washambuliaji walikuwa vijana wa huku huku waliolishwa kiapo, na malalamiko waliyoambiwa wanayapigania, juu ya ardhi na kazi, yalikuwa ya kweli hata kama waliowachochea walikuwa na shabaha nyingine. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza mapigano ya kikabila ya miaka hiyo, na ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 ilieleza kwa kina jinsi mashambulizi yalivyopangwa na jinsi wenyeji wa Kwale walivyokamatwa na kuteswa katika msako uliofuata. Machafuko hayo yamebaki na jina la Kaya Bombo, kwa sababu msitu ulikuwa mahali pa mazoezi. Uvuli tuliousema hapo juu ulitumika pia kwa kazi hiyo.

Haihitaji kubuniwa ushuhuda wa mtu yeyote ili kuona ni swali gani zaburi hii inaulizwa mahali kama hapo. Mkimbizi wa bara anayeisoma katika uwanja wa kanisa anajua watesi wake ni nani. Kijana wa Kidigo aliyekamatwa bila kosa, ambaye katika imani yake Daudi ni nabii na Zaburi ni kitabu cha Mungu, naye anajua watesi wake ni nani. Kila mmoja anaweza kuiketi meza ile na kumweka mwenzake upande wa kutazama. Suala la urithi wa ardhi kwa waja wema, ambalo Kurani na Zaburi ya 37 zinakutana juu yake, linaibua swali lile lile la nani mwema.

Rai inayotolewa hapa ni kwamba matini yenyewe haimpi yeyote kati yao zaidi ya anachopewa. Watesi wametajwa kwa jina la kitendo chao na kuachwa. Hawaangamizwi, hawalaaniwi, hata hawafukuzwi mezani, jambo ambalo si la kawaida katika kitabu ambacho zaburi zake nyingi huomba maadui wavunjwe meno. Wanabaki wakitazama mpaka mstari unapokwisha. Hakuna neno linalosema kwamba hawatakaribishwa, wala linalosema kwamba watakaribishwa. Msomaji anayetaka kuitumia zaburi kama silaha atakuta haina makali mahali hapo, na anayetaka kuitumia kama mapatano atakuta hayajaandikwa. Huu ni udhaifu kwa mhubiri. Kwa mhakiki ni uaminifu wa matini kwa hali ya mtu ambaye mambo yake hayajamalizika.

Fadhili na siku zake

Katika mstari wa mwisho mtenda anajificha tena, lakini si kama alivyofanya katika hu-. Sasa watenda ni wema na fadhili zenyewe, zikitembea nyuma ya nafsineni. Fadhili ni tafsiri ya hesedi ya Kiebrania, neno ambalo limewasumbua wafasiri wa lugha nyingi kwa kuwa lina huruma na uaminifu wa agano ndani yake. Kiswahili kilikuwa na bahati. Fadhili za Waswahili si huruma tupu. Aliyefadhiliwa amefungwa na mfadhili wake, anatazamiwa kukumbuka, na asiyekumbuka ndiye anayefananishwa na punda katika methali wanayoijua watoto. Uhusiano unaodaiwa na hesedi umo tayari katika neno. Laiti mkondo wa Roehl ungeshinda, huenda tungepata neno lenye asili safi zaidi na lenye deni dogo zaidi.

Kitenzi kinachoandamana na fadhili hakikupata bahati hiyo. Kiebrania kinatumia radafu, kitenzi cha kuwinda na kukimbiza, kile kile kinachotumiwa kwa maadui wanaomfukuza mtu. Wema, katika Kiebrania, unachukua kazi ya mtesi: unamsaka mtu asiuponyoke. Biblia ya Muungano inasema kwamba zitamfuata, kama mtoto anavyomfuata mama yake sokoni. Kiswahili cha pwani kilikuwa na kitenzi kilicho tayari, kuandama, ambacho husemwa juu ya maradhi na balaa zisizomwacha mtu, na pia juu ya mwezi mpya unaotazamiwa kwa shauku. Fadhili zinazoandama zingebeba tishio na furaha kwa pamoja. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote za tafsiri hii nzuri, na Habari Njema haikuirekebisha.

Iko nyingine ndogo, lakini inamgusa zaidi msomaji wa kila siku. Kiebrania kinafunga zaburi kwa kutaja siku mara mbili: siku zote za uhai, kisha urefu wa siku. Ni mlingano, ile mbinu ya kurudia wazo kwa maneno mengine ambayo Robert Lowth aliieleza mwaka 1753 kuwa msingi wa ushairi wa Kiebrania, na ambayo Mathias Mnyampala alilazimika kuiacha alipoitia Zaburi katika bahari ya utenzi yenye mizani na vina. Biblia ya Muungano imeihifadhi siku ya kwanza na kuigeuza ya pili kuwa milele. Kwa badiliko hilo dogo msomaji anaondolewa katika siku zake na kupelekwa akhera. Zaburi iliyotembea kutoka -ta- hadi hu-, kupitia -japo-, -a- na -me-, na ambayo nguvu yake yote ilikuwa katika kukubali kukaa ndani ya wakati wa kawaida, inamalizika nje ya wakati. Mila ya mazishini imelikamilisha jambo hilo, hata wengi wanaisikia kama zaburi ya wafu.

Na kitenzi cha mwisho kina usomaji wa pili. Wafasiri wa Kigiriki wa kale walikisoma kuwa ni kukaa, na Muungano ukawafuata. Irabu za maandishi ya Kimasora zinakisoma vingine: katika nyumba ile nafsineni hasemi kwamba atakaa, anasema kwamba atarudi. Waliolala katika uwanja wa kanisa la Likoni mwaka 1997, baadhi yao wakarudi Ukunda na Diani baadaye na wengine wasirudi tena, walikuwa na Biblia ambayo kitenzi hicho hakikuwamo.